TSH imepanda katikati ya matibabu ya kupandikiza mimba: niongeze dozi mwenyewe?

SWALI

Daktari, nina miaka 34. Miaka minne iliyopita tezi yangu ya thairoidi ilidhoofika, nikaambiwa ni kingamwili za mwili wangu mwenyewe zinazoishambulia. Natumia levothairoksini, vidonge vya homoni ya thairoidi, maikrogramu 75 kila siku. Kabla ya kuanza matibabu ya kupandikiza mimba TSH yangu, kile kipimo cha damu kinachopanda homoni ya thairoidi ikipungua, ilikuwa 1.9, wakasema safi. Nimechomwa sindano za kuchochea mayai siku kumi, mayai yakavunwa, na siku tano baadaye nikawekewa kiinitete. Jana nimeletewa majibu ya damu niliyotolewa siku ya kuvuna mayai: TSH 3.9. Nimebakiza siku nane nipime mimba. Kliniki wanasema nisiwe na wasiwasi, maabara imeandika ni kawaida, lakini mimi nataka nianze kumeza vidonge viwili viwili. Dawa sijawahi kuiruka. Asubuhi nikiamka naimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma nilivyoanzishiwa mwezi uliopita. Swali jingine ni la mwenzangu tuliyekutana kwenye foleni: ana kingamwili kama zangu, ila TSH yake ni 1.6 na hajawahi kutumia dawa. Aanze?

JIBU

Dada yangu, usimeze viwili viwili. Ila na hilo neno "kawaida" usilipokee hivi hivi.

Kiwango kinachochapishwa kwenye karatasi ya maabara, ambacho mara nyingi huishia 4.0 au juu yake kidogo, ni cha watu wazima wote kwa jumla: wanaume, wazee, na wasio na habari ya mimba kabisa. Mwanamke anayetumia levothairoksini na anayetafuta mimba ana lengo lake. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2017 unataka TSH yake iwe chini ya 2.5. Kwa lengo hilo 3.9 iko juu. Si ya kukukosesha usingizi, lakini si ya kuwekwa kwenye faili na kusahauliwa.

Kwa nini imepanda wakati vidonge hujaviruka? Wengi huwaza kwamba ugonjwa umeongezeka. Mara nyingi sivyo. Katika mzunguko wa kawaida wa hedhi, estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, ikifika kileleni huwa kama pikogramu 200 hadi 400 kwa mililita moja ya damu. Ukichomwa sindano za kuchochea mayai inaweza kupita 2,000. Ini likiona estrojeni nyingi hivyo, huongeza protini inayobeba homoni ya thairoidi kwenye damu. Homoni iliyobebwa ni kama abiria aliye ndani ya basi: yumo safarini, lakini kazini hajafika. Mabasi yakiongezeka ghafla, abiria wengi hunaswa humo, na walioko kazini hupungua. Tezi ya pituitari kichwani ikihisi upungufu huo hupaza sauti, na sauti yake ndiyo hiyo TSH.

Mwenye thairoidi nzima hata hajui kama hayo yametokea, kwa sababu tezi yake huongeza uzalishaji. Yako haina nguvu hiyo. Kinachoingia ni maikrogramu 75, basi. Kwa hiyo namba ya TSH iliyochukuliwa wakati huu isomwe pamoja na tarehe yake: siku ya ngapi ya sindano, siku ngapi tangu kuvuna. Yako ni ya siku ya kuvuna, na TSH huweza kuendelea kupanda wiki moja au mbili baada ya hapo. Huenda leo si 3.9 tena.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipitisha haraka, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: dawa unaimeza pamoja na madini ya chuma. Chuma huishika levothairoksini tumboni na kutoka nayo bila kufyonzwa. Kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Kwa mwezi mzima umekuwa ukimeza 75 na kupata pungufu ya hiyo, na hakuna anayeweza kukuambia ni pungufu kiasi gani. Kupanda kwa TSH yako basi kunaweza kuwa na sababu mbili zilizokutana, estrojeni na chuma, na dawa ya kila moja ni tofauti. Ukiongeza dozi kubwa leo, kisha wiki ijayo mtu akakuambia utenganishe vidonge, utajikuta umepita upande wa pili: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kukata.

Anza na hili la bure. Kesho asubuhi meza levothairoksini peke yake kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, usubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kahawa. Chuma kihamishie mchana au jioni. Kipite muda wa saa nne angalau kati yake na dawa ya thairoidi. Ukiona asubuhi zako hazitulii, levothairoksini inaweza kumezwa usiku, ukiwa umepita muda wa saa tatu au zaidi tangu chakula cha mwisho. Chagua wakati mmoja ubaki nao.

Pili, usingoje siku nane. Mpigie leo daktari anayekutibu thairoidi na umtajie mambo matatu: 3.9, siku damu ilipotolewa, na habari ya chuma. Akiamua kukuongezea maikrogramu 12.5 au 25 kwa siku, nitamuunga mkono. Akiamua kutenganisha vidonge kwanza na kurudia kipimo siku ile ile ya kupima mimba, pia ana hoja, maana levothairoksini haina haraka. Nusu ya kidonge ulichomeza leo itakuwa bado mwilini siku saba zijazo, na dozi mpya huchukua wiki tano au sita kutulia. Ndiyo maana kumeza viwili viwili hakukupi unachokitafuta: kwa siku nane TSH haitakuwa imepata muda wa kukujibu sawasawa, ila wewe utakuwa umejirundikia dawa.

Vyovyote atakavyoamua, siku ya kipimo cha mimba omba TSH ipimwe kwenye damu hiyo hiyo. Nenda ukatolewe kabla ya kumeza dawa ya siku hiyo. Na kama kuna vidonge vya nywele na kucha unavyotumia, angalia kama vina bayotini, aina ya vitamini B, vingi vinayo. Bayotini haimdhuru mtoto, lakini huzichanganya mashine za maabara na kuifanya TSH ionekane ndogo kuliko ilivyo. Iache siku mbili kabla ya kipimo.

Mimba ikikubali, mambo yanabadilika siku hiyo hiyo. Mtoto hana thairoidi ya kujitegemea. Yake huanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12, na hubeba mzigo wa maana karibu na wiki ya 18 hadi 20. Kabla ya hapo anakula kwako. Mahitaji yako huanza kupanda mapema sana, hata kuanzia wiki ya tano, wakati wanawake wengi ndio kwanza wanahesabu siku walizochelewa. Kwa hiyo wataalamu hupendekeza mpango uwe tayari kabla: kipimo kikisoma ndiyo, kutoka vidonge saba kwa wiki unakwenda vidonge tisa. Chukua kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba. Kila chumba weka kidonge kimoja, kisha Jumatano na Jumapili ongeza cha pili. Kwako ni kutoka maikrogramu 525 kwa wiki hadi 675, nyongeza ya karibu asilimia 29. Kama daktari ameshakuongezea wiki hii, hesabu hiyo ifanywe upya naye, usizijumlishe nyongeza mbili mwenyewe. Baada ya hapo TSH kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito, na tena karibu na wiki ya 30.

Majibu yakiwa hapana, nakupa pole mapema, na naomba usiichukulie thairoidi kuwa ndiyo mkosaji. TSH ya 3.9 peke yake haitoshi kuihukumu. Estrojeni itakuwa imeshuka, mabasi yatapungua, na TSH inaweza kurudi yenyewe. Rudia kipimo baada ya wiki mbili hadi nne ndipo dozi ijadiliwe. Na kama una viinitete vilivyogandishwa na mtavipandikiza kwa kutumia estrojeni, uliza kama utapewa ya kumeza au ya kubandika kwenye ngozi. Ya kumeza hupitia ini kwanza na huongeza ile protini zaidi. Ya ngozini huigusa kidogo sana. Kwa mtu wa hali yako, ningeuliza swali hilo kabla karatasi ya dawa haijaandikwa.

Sasa mwenzako. Kesi yake si yako. Thairoidi yake inafanya kazi. Alicho nacho ni kingamwili tu. Kwa miaka mingi wanawake kama yeye walipewa levothairoksini "kwa tahadhari", na hata mimi sikuona ubaya wake. Kisha utafiti wa TABLET wa Uingereza, uliotolewa 2019, ukawagawa kwa bahati nasibu wanawake 952 wa aina hiyo, waliowahi kuharibikiwa mimba au kuhangaika kuipata: nusu maikrogramu 50 kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliozaa mtoto hai walikuwa asilimia 37.4 upande wa dawa na 37.9 upande mwingine. Utafiti wa China wa 2017, kwa wanawake 600 waliokuwa kwenye matibabu kama yenu, nao haukuona dawa ikipunguza kuharibika kwa mimba. Kwa TSH ya 1.6, mimi nisingemwanzishia. Ila kingamwili zinaonyesha tezi yake inaweza kuzidiwa mzigo ukiongezeka, kwa hiyo apime TSH baada ya sindano za mayai, na akishika mimba apime kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito.