Mungu mume, Mungu mke, na sisi wengine

Wika, dini ya kipagani ya siku hizi, ina Mungu mume na Mungu mke. Mimi sijioni mwanamume wala mwanamke. Nina nafasi?

Unayo. Gerald Gardner, aliyeitangaza Wika huko Uingereza miaka ya 1950, aliijenga ibada juu ya jozi: mwanamke na mwanamume, kisu kikishushwa ndani ya kikombe cha divai. Makundi mengine bado yanashikilia hivyo. Mengine siku hizi hayaulizi nani ameshika kisu na nani kikombe. Hata Starhawk, mwandishi wa Wika wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1979 kiliwafundisha wengi habari za nguvu ya kike na nguvu ya kiume, aliandika miaka kumi baadaye kwamba ameacha kuzigawa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kujiunga, uliza: kwenu kisu hushikwa na nani? Jibu litakueleza mengi.

Nimebadili jinsia, sasa ni mwanamke. Nimeambiwa ibada ya wanawake si yangu.

Pole sana, dada. Hata wenzako yamewakuta. Mwaka 2012, kwenye kongamano la PantheaCon huko San Jose, Marekani, Z. Budapest, mwasisi wa Wika ya Diana, tawi la wanawake linalomwabudu Mungu mke, aliongoza ibada ya waliozaliwa wanawake tu. Nje ya mlango watu walikaa chini, kimya, kupinga. Naelewa wanawake walioumizwa kutaka faragha yao. Ila kumpima mtu mwili mlangoni, kisha uingie ndani kumsifu Mungu mke, hilo silikubali. Tafuta kundi jingine. Yapo yatakayokupokea kwa jina lako.

Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Kuna kundi letu?

Lipo. Eddie Buczynski alianzisha Udugu wa Kiminoa huko New York miaka ya 1970, kwa ajili ya wanaume kama wewe.

Je, haya ya kuvuka mipaka ya jinsia tumeyazua juzi?

La. Makuhani wa Kibele, mungu mke aliyeletwa Roma mwaka 204 KK, walijihasi, wakafuga nywele na kuvaa nguo za kike. Loki, mungu wa hadithi za kale za Skandinavia, aligeuka farasi jike akamzaa Sleipnir, farasi wa miguu minane. Lakini tusiwavike wale makuhani majina yetu ya leo. Warumi waliwacheka, na kwa muda mrefu raia wa Roma alikatazwa kujiunga nao. Nikiwakumbuka madhabahuni, naikumbuka na dharau waliyoivumilia.