Umeme Ukikatika, Mpe Bibi Ungo wa Karanga

SWALI
Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, tulihamia mwaka juzi kutoka Dar kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Jumamosi iliyopita umeme ulikatika saa moja kasoro jioni na nyumba imejaa watu, mama mkwe kaja kutoka Mvumi, shemeji na mkewe wapo, jirani naye kaja na wanawe kuangalia mechi, nikasema basi leo tumeisha. Cha ajabu Shangazi ikawa jioni nzuri kuliko zote tangu tuhamie huku. Tulikaa barazani tunamenya karanga alizoleta mama, chai ikachemka kwenye jiko la mkaa, mama akaanza kuhadithia mambo ambayo hata mume wangu mwenyewe hajawahi kuyasikia, tumecheka mpaka saa nne. Umeme uliporudi watoto wakapiga kelele "umerudiiii" wakakimbilia ndani na dakika tano nyingi kila mtu yuko na simu yake. Niliumia kweli. Jumatano ukakatika tena, nikasema leo nairudisha ile jioni, nikapanga viti vizuri, nikawasha mishumaa sita, nikamwambia mama "mama tupe stori basi", akaniambia "stori gani sasa mwanangu, nimechoka". Watoto wakaanza kudai simu, saa mbili na nusu tumelala. Nimekosea wapi?
Mama wa watatu, Nkuhungu

JIBU
Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu lako umeliandika mwenyewe ukalipita bila kuliona. Karanga! Jumamosi mlikuwa mnamenya karanga, Jumatano mlikuwa mmekaa tu mnamwangalia mama mdomoni.

Mimi nimekulia Mpwapwa, nyumba haina umeme, taa yetu ni koroboi, na sikumbuki hata siku moja bibi yangu alikaa akasema sasa nawasimulia hadithi. Ilikuwa hivi, gunia la mahindi linamwagwa chini, kila mtu anavuta mahindi yake anapukuchua, kidole gumba kinauma, kimya kidogo, alafu bibi anaanza tu kama anaongea peke yake, "mwaka ule wa njaa..." na hapo hamna mtu anayenyanyuka tena. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Ukimwambia mtu mzima "tupe stori" huku watu nane wamemkodolea macho ni kama umemsimamisha darasani, hata mimi ningesema nimechoka.

Kwahiyo siku nyingine umeme ukikatika usimwombe kitu chochote. Mpe ungo. Karanga zikiwa zimeisha kuna mlenda wa kuchambua, kuna choroko za kutoa mawe, kuna uwele wa kupeta, nyumba za Dodoma hazikosi kitu cha kufanya kwa mikono. Na watoto wape kazi hiyohiyo, sio waambiwe wakae watulie wasikilize, mtoto akishika karanga zake na kula moja kila baada ya tano (mwache ale) hatoki hapo.

Mishumaa sita ni mingi mno mwanangu, mmoja hapa mmoja kule na watu nao wanatawanyika kuufuata mwanga. Weka taa moja tu, chemli kama unayo, au ile taa ya sola lakini igeuze iangalie ukuta maana ule mwanga mweupe unaumiza macho. Taa ikiwa moja watu wanasogeleana, na miezi hii ya sita mpaka wa nane na huu upepo wetu wa Dodoma mnasogeleana mpaka shuka moja linafunika watu watatu. Halafu pale ukutani kivuli kinatokea, watoto wataanza wenyewe kutengeneza sungura na mbwa kwa vidole, hapo ndo unatega kitendawili: kila niendapo ananifuata? Wakishapata hicho watataka kingine, na asiyejua jibu anatoa mji. Nyie muwekeane sharti kwamba mji uwe wa mkoa huu tu, Kondoa, Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, ukishatoa huo wote umeishiwa inabidi ujibu. Wanao wamekuja juzi kutoka Dar, wataujua mkoa wao mpya kwa wiki moja tu bila daftari.

Na mama mkwe kutoka Mvumi unaye ndani, hiyo ni hazina jamani. Usimuulize stori, muulize kitu kidogo chenye ubishi. Kwa mfano jina la Dodoma. Wengi tumeambiwa ni tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yani imezama. Ila iko nyingine, kwamba wenyeji waliiba ng'ombe wa watu wakawala, wakabakiza mikia wakaichomeka kwenye matope, wenye ng'ombe walipokuja kuulizia wakaonyeshwa mikia, jamani si mnaona, ng'ombe wenu wamezama. Wewe sema ya tembo kwa sauti kabisa mbele ya mama, kama anaijua ile ya ng'ombe hawezi kunyamaza, atakukatisha katikati. Na akishakukatisha wewe endelea kumenya karanga, usimtumbulie macho.

Nyimbo nazo zipo. Kwa Wagogo ngoma ya muheme wanapiga wanawake, wameibana mapajani, kwahiyo usimwachie shemeji, ndoo tupu ya lita ishirini inatosha kabisa mama akitaka kukuonyesha mkono unavyokaa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo aliyefariki 2003, zeze na ilimba (ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) alizifikisha mpaka Ulaya, na watoto wengi waliopo Dodoma leo hawajui hata ilimba inafananaje. Inaniuma hiyo.

Sasa lile lililokuumiza, umeme kurudi. Hapa dawa ni ya mapema. Umeme ukikatika tu, kabla hamjakaa, pita ndani uchomoe tivii na friji kwenye soketi na uzime swichi za taa zote. Hili ungelifanya hata kwa sababu nyingine, maana umeme ukirudi mara nyingi unarudi na nguvu isiyo sawa, unashuka unapanda, vitu vinaungua. Bakiza taa moja tu ya jikoni ikiwa imewashwa ili mjue umerudi. Na simu waambie ukweli wala sio adhabu, hatujui unarudi saa ngapi kwahiyo simu moja inabaki na chaji kwa ajili ya dharura, nyingine zizimwe. Basi umeme utarudi, ile taa ya jikoni itawaka, mtu atasema "umerudi", na barazani hakuna kilichobadilika, hakuna tivii iliyoanza kupiga kelele yenyewe, ungo bado una karanga. Chomeka friji urudi ukae. Watoto watanyanyuka, najua, ila hawatakimbia wote, na mama hatakatishwa katikati ya neno kama ile Jumamosi.

Tena mkichoka kuongea zimeni hata hiyo chemli mtoke uani mwangalie juu. Kiangazi anga letu halina wingu, mwezi wa saba kwenye saa tatu usiku lile kundi la nyota la Nge linaonekana vizuri sana, mkia umejikunja kabisa. Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kwa jioni msubiri mpaka mvua zianze. Muulize mama walikuwa wanakitumiaje kujua muda wa kulima, hilo nalo atalijibu bila kuombwa mara mbili.

SWALI
Shangazi habari. Nina friji dogo na nanunua samaki wa Mtera wa wiki nzima. Umeme ukikatika nawatoa wote nawapika usiku uleule kwa hofu. Ni sawa?
Msomaji, Kisasa

JIBU
Usiwe na haraka hivo. Friji likifungwa lisifunguliwe linatunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Friza ikiwa imejaa inaweza kufika saa 48, ikiwa imejaa nusu tu, saa 24. Kinachoharibu ni ule mlango kufunguliwa kila dakika, mtu anachungulia samaki wamefikia wapi. Kama wako kwenye friji la kawaida na hizo saa nne zinakaribia kuisha, ndio, kaanga wote na uite majirani, zikishapita usiwale. Ukikutana na harufu usionje, tupa.

SWALI
Shangazi sisi ni wanachuo watano tumepanga Ng'ong'ona, chumba kimoja. Umeme ukikatika usiku tunaingiza jiko la mkaa ndani, tunafunga mlango na dirisha kwa sababu ya baridi, tunakaa tunapiga stori na chai, kwakweli ni raha sana. Ila juzi wawili waliamka na kichwa kinauma na mmoja akatapika. Tukadhani ni chai.
Mwanachuo

JIBU
Wanangu, sio chai. Nimeshtuka kusoma hii na naomba msilirudie hata usiku mmoja. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, huwezi kuihisi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, alafu unasikia usingizi mtamu, na huo usingizi ndio unaoua, kwa sababu aliyelala hawezi kutoka kufungua mlango. Mkaa ulioshika vizuri usio na moshi nao unatoa, msidanganyike na moshi. Kufungua dirisha nusu haitoshi, kuliweka jiko mlangoni haitoshi, na jenereta la mwenye nyumba likiwa karibu na dirisha lenu ni hatari hiyohiyo.

Mtu akijisikia hivyo tena mtoeni nje kwenye hewa saa hiyohiyo na mumpeleke hospitali, msimwache alale eti kitapita.

Stori zenu endeleeni nazo, sitaki ziishe. Jiko likae uani na nyie mkae nalo huko, vaeni masweta, chukueni blanketi zote tano, chomeni hata mahindi. Mkitaka kulala zimeni mkaa kwa maji, jiko lilale nje, nyie mlale ndani. Na nyie watano jifunikeni tu, blanketi mojamoja.