Jibu: Rangi ya kupuliza imetoka na chengachenga, na ukungu mweupe juu ya paa

Pole ndugu, umeuliza kuhusu basi lako la modeli ulilolipulizia rangi ya kopo, likatoka na chembechembe (chengachenga) na ukungu mweupe juu ya paa lake. Hilo basi dogo la plastiki bado linaokoleka. Usilifute kwa tina (kiyeyusha rangi)! Tina inayeyusha plastiki yenyewe, na vile vifremu vya madirisha vitapotea kabisa.

Hayo ni matatizo mawili tofauti. Chengachenga hutokea pale rangi inapokauka hewani kabla ya kutua; umesema ulipulizia barazani kwenye upepo, kopo likiwa mbali. Acha ikauke siku nzima, kisha pitisha msasa wa maji namba 2000 (laini sana) taratibu, ukiutia maji yenye tone la sabuni. Kwenye kona na kingo usikandamize, huko ndiko rangi huisha kwanza na plastiki ikaonekana. Suuza, kausha, upulizie tena kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza nje ya basi, pita juu yake bila kusimama, achia ukishalivuka. Tabaka jembamba, subiri, tabaka jingine.

Ukungu mweupe ni unyevu. Kimiminika cha rangi kikikauka haraka hupoza uso wa basi, mvuke wa hewani unanasa humo. Kwa hali ya hewa ya huko kwako Tanga, usipulizie mvua ikinyesha au imetoka kunyesha. Subiri mchana mkavu, kivulini, upulizie tabaka jepesi la rangi ileile. Mara nyingi ukungu huyeyuka wenyewe. Jaribu kwanza upande wa chini wa basi.

Na kopo ulitikise dakika mbili kamili, tafadhali.