Gari la paa la turubai likivuja, usikimbilie silikoni

Mvua ya kwanza ya masika ilinikuta nimeegesha Mazda Roadster yangu ya mwaka 1999, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa, chini ya mwarobaini, nyumbani Dar es Salaam. Asubuhi nilipofungua mlango, maji yalikuwa yametuama nyuma ya kiti cha dereva, na kapeti ukilikanyaga linachuruzika. Juu, kwenye kona ambapo kioo cha mlango kinakutana na nguzo ya kioo cha mbele, kulikuwa na mstari wa matone. Nikaamini tatizo ni kioo. Fundi wa kwanza naye akaamini hivyo hivyo, akachukua tyubu ya silikoni akapaka raba yote kuzunguka mlango. Wiki ileile mvua ikarudi, maji yakaingia vilevile, na kioo sasa kikawa kinanata kila nikifungua mlango. Kuibandua ile silikoni kulinichukua siku mbili, na kona ya raba ikachanika nayo.

Wewe mwenye gari la namna hii, au unayefikiria kuagiza Japani, nakuomba uelewe kwanza limeundwaje. Mlango wake hauna fremu juu. Kioo chenyewe ndicho kinachokwenda kuegemea raba ya paa, kwa hiyo kikisimama vibaya hata kidogo, maji yanapata njia. Pili, na hili wengi hatuambiwi, gari hili halijaundwa kuzuia kila tone. Limeundwa kuyaongoza. Maji yanayoteremka nyuma ya turubai hupokelewa na mfereji ulio chini ya paa, yakaelekea kwenye matundu mawili, moja kila upande nyuma ya viti, kisha yanatokea chini ya gari, mbele ya matairi ya nyuma. Tundu likiziba, mfereji unafurika na maji yanamwagikia ndani.

Kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanapoingilia. Nilimkalisha mpwa wangu ndani na tochi, mimi nikashika mpira wa bustani. Presha iwe ndogo, maji yateremke kama mvua. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwa sababu inasukuma maji hata mahali ambapo mvua isingeyafikisha. Anza chini ya mlango, panda taratibu, kaa dakika kadhaa kila sehemu, turubai liwe la mwisho. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kwenye kioo alinionyesha matone machache tu. Nilipofika nyuma ya paa ndipo akapiga kelele: "Mjomba, yanamwagika huku, nyuma ya mkanda!"

Tundu la upande wa dereva lilikuwa limejaa majani ya mwarobaini. Vile vijani vyembamba vilikuwa vimeoza vikashikana na vumbi, vikawa tope jeusi kama udongo wa shamba. Nilitoa la juu kwa kijiko, halafu nikapitisha uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, nikiuzungusha taratibu hadi ukatokea chini. Usitumie waya mgumu wala upepo wa kompresa. Bomba lililo ndani linaweza kutoboka au kuchomoka, na hapo maji yataingia ndani ya bodi usikoweza kuyaona, kutu ianze kula kimyakimya. Mimina kikombe kimoja cha maji safi, uchungulie chini. Yanatakiwa kutoka papo hapo.

Kazi hiyo pekee iliondoa sehemu kubwa ya maji. Yakabaki yale matone ya kona.

Kwa kioo, kata kikaratasi chembamba, kiweke kati ya kioo na raba, funga mlango, kisha kivute. Rudia kila baada ya sentimita kumi. Panapobana utasikia karatasi inang'ang'ania. Kwangu ilibana vizuri nyuma, ila kwenye kona ya mbele ilitoka kama hakuna kitu. Kabla hujagusa bolti yoyote, osha raba kwa maji na sabuni laini, ikauke, upake grisi ya silikoni kidogo sana. Hii ni tofauti kabisa na ile silikoni ya kugandisha. Vaselini na oili ya injini usizipake, maana zinaifanya raba ivimbe na kulegea. Raba iliyokauka kwa jua letu mara nyingine hurudi kuwa laini kwa huduma hiyo tu.

Yangu haikutosha, ikabidi nifungue kava la ndani la mlango. Reli za kioo zimeshikwa na bolti zinazoruhusu kusogezwa. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito mahali zilipo, ili ukikosea ujue pa kurudi. Zilegeze, sukuma kioo kiegemee ndani kidogo, kaza, funga mlango, jaribu karatasi tena. Nilirudia mara nne. Usikibane kupita kiasi, kwa sababu mlango utakuwa mgumu kufunga na raba itachakaa mapema. Na yeyote anayekusaidia asiguse swichi ya kioo mkono wako ukiwa ndani ya mlango. Hilo lisemeni kwa sauti kabla ya kuanza.

Humo ndani nilikuta jambo jingine. Maji huingia ndani ya mlango wa gari lolote kupitia chini ya kioo, yakatoka kwa vitundu vya chini ya mlango. Kinachoyazuia yasifike kwako ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava. Yangu ilikuwa imechanwa na aliyewahi kufunga spika, akaiacha inaning'inia. Nilikata nailoni nzito mpya, nikaibandika kwa gundi nyeusi ya kunata, ncha ya chini nikaiingiza ndani ya mlango ili maji yateremkie huko. Ukipeleka gari kufungwa redio au spika, simama hapo uone nailoni inarudishwa.

Mwisho nilikaza kidogo makomeo mawili yanayovuta paa mbele, na raba ya kona iliyochanika nikanunua kipande kipya. Hicho ndicho kipuri pekee nilichonunua.

Kapeti lisiachwe. Sponji iliyo chini yake hushika maji wiki nzima huku juu pakionekana pakavu. Nilitoa viti vyote viwili, nikainua kapeti, nikalianika juani siku mbili, na sakafu nikaipangusa hadi kona za mwisho. Siku hizi siegeshi tena chini ya mwarobaini, na kila kabla ya masika na vuli namimina kikombe kimoja kila tundu, nachungulia mbele ya tairi la nyuma, kulia na kushoto.