Shangazi, watoto wakija wikiendi najiona baba asiyefaa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, mimi na mke wangu tuliachana mwaka jana. Watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6, huja kwangu Ijumaa jioni na kukaa hadi Jumapili. Wiki nzima nawasubiri kwa hamu, lakini Jumamosi asubuhi naamka nimechoka, sijui niwape nini, naunguza mayai, nafoka, na mwisho tunakula mkate mkavu hakuna anayesema neno. Mama yao alizoea kuniambia siwezi kitu. Sasa naona alisema kweli. Rafiki yangu kanishauri nisimame mbele ya kioo kila siku niseme "mimi ni baba bora". Nikisema hivyo ndiyo najisikia vibaya zaidi. Nifanye nini? – Baba wa Wikiendi*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza, achana na hicho kioo. Rafiki yako alikutakia mema, ila hali hiyo haijakupata wewe peke yako. Mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Watu wanaojiona duni, walipoambiwa warudierudie kwamba wao ni watu wa kupendwa, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakurudia chochote. Mtu akijisifia jambo asiloliamini, moyo wake humletea papo hapo kila ushahidi wa kumpinga. Wewe ukisema "baba bora", moyo unakujibu: na yale mayai ya Jumamosi?

Maneno matupu hayavunji mfupa. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa na mambo kadhaa: kuwaona wengine wakiweza, kutiwa moyo, hata hali ya mwili na hisia zake. Lakini lenye nguvu kuliko yote ni mtu mwenyewe kufanya jambo na kulifanikisha. Wewe, mwanangu, umejiwekea mtihani katika saa ngumu kuliko zote: ndiyo kwanza umeamka, watoto wana njaa, na bado hujaamua cha kupika. Hapo hata mpishi hodari angefoka.

Kwa hiyo kazi ya kuandaa chakula cha asubuhi ihamishie Ijumaa usiku, na uifanye pamoja na watoto.

Chukua vipande 8 vya mkate wa jana au juzi. Mkate mpya hulainika mno na kuwa uji, uliokauka kidogo hunywa maziwa bila kusambaratika. Huyo wa miaka 6 aurarue vipande vidogo na kuupanga kwenye chombo cha kuokea kilichopakwa mafuta. Wewe kaanga kitunguu na mboga uipendayo mpaka maji yakauke, kwa sababu mboga ikiingia mbichi itaachia maji ndani na chakula kitakuwa chepechepe. Acha ipoe, kisha itandaze juu ya mkate pamoja na kikombe kimoja cha jibini iliyokwaruzwa. Huyo wa miaka 9 avunje mayai 6, ayapige na vikombe 2 vya maziwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na pilipili manga kidogo. Mimina juu, kandamiza mkate kwa kijiko mpaka wote ulowe, funika, weka ndani ya friji. Siyo mezani: mayai mabichi na maziwa havifai kulala nje. Kila aliyeshika mayai anawe mikono kwa sabuni.

Asubuhi kitoe chombo friji, na kama ni cha kioo usikiingize kwenye oveni kikiwa baridi sana, kinaweza kupasuka. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi 50. Choma kisu katikati. Kikitoka na yai bichi, ongeza dakika chache. Kisha subiri dakika 10 kabla ya kukata. Kama huna oveni, tumia nusu ya vipimo hivi kwenye sufuria yenye kitako kizito, kwa moto mdogo kabisa, mfuniko juu, mpaka katikati pashikane.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la barua yako. Mkishakula, usijiambie wewe ni baba bora. Jiambie tu lililotokea: "Jana usiku tuliandaa, leo tumekula." Sentensi hiyo moyo hauwezi kuipinga. Jumamosi inayofuata rudia chakula hichohicho. Usiwe na haraka ya kutafuta kipya, kwa sababu unachojifunza hasa ni kwamba ukijiahidi jambo, unalitimiza. Na usiwaulize watoto kila dakika kama wamekipenda. Usiwabebeshe kazi ya kukuthibitisha.

Tena usimtumie mama yao picha. Nakuomba sana. Ukipika ili kumuonyesha kwamba alikosea, utakuwa umempa yeye tena mamlaka ya kukupima, na siku asipojibu utaanguka upya. Maneno yake aliyasema ndani ya ndoa iliyokuwa inaumia. Hayakuwa hukumu.

Kuna Jumamosi chakula kitaungua. Siku hiyo jisemeshe kama ambavyo ungemsemesha mwanao aliyemwaga maziwa akijaribu kukusaidia. Usingemwambia hawezi kitu. Ungemwambia afute, mwanze upya. Uwezo wako jikoni utapanda na kushuka, lakini thamani yako kwa watoto hao haimo ndani ya chombo cha kuokea, na sitaki ukahamishie huko mzigo wote ulionao.

Kuhusu kufoka: waombe radhi, kwa maneno machache, bila kujieleza sana. "Wiki iliyopita nilifoka. Halikuwa kosa lenu." Watoto wa umri huo wazazi wakitengana huwa wepesi kudhani wao ndio chanzo, kwa hiyo hilo la pili lisikose.

Na kama huzuni inakukalia karibu kutwa nzima, kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, ukakosa usingizi na hamu ya mambo yote, muone daktari au mshauri nasaha. Ukifikia kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje hata siku moja, na usikae peke yako.

Anza Ijumaa hii. Mkate ununue Alhamisi, uukate na kuuacha wazi usiku kucha.

Shangazi yako