Utafiti Wangu wa Makaa Utafika Vipi Serikalini?

Shikamoo Shangazi. Nimemaliza shahada ya uzamili. Kwa miezi saba nilizunguka Kisauni, hapa Mombasa, nikiwauliza akina mama wapika mahamri kwa nini hawaachi makaa wakatumia gesi. Msimamizi wangu anataka niendelee na uzamifu, lakini mimi natamani kazi ya sera za nishati na tabianchi. Nikienda huko, usomi si ndio basi tena?
Mtafiti, Kisauni

Marahaba mwanangu. Hao akina mama hununua makaa kwa gunia au kwa kopo? Jibu hilo unalo wewe, na kwenye afisi nyingi za sera hutalikuta.

Nilifundisha chuo miaka tisa kabla sijaingia kazi hiyo. Siku ya kwanza kuitwa mbele ya kamati nilibeba ripoti ya kurasa themanini, grafu za rangi na kila kitu. Mzee mmoja akaifunga, akaniuliza: "Kujaza mtungi wa kilo 6 hapo Kongowea ni pesa ngapi?" Sikujua. Kwangu nilikuwa napikia stima. Nilivuka feri ya Likoni jioni ile nikiangalia maji tu.

Jambo la pili ni kalenda. Julai 2021 gesi ya kupikia hapa Kenya ilitozwa kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Mambo ya kodi namna hii hupitia Mswada wa Fedha, ambao hufika bungeni mwisho wa Aprili na kuamuliwa kabla Juni haijaisha. Katikati hapo ndipo wananchi huitwa watoe maoni, maana Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe. Utafiti wako ukifika Julai, umekuta sufuria za biriani zinaoshwa.

Usomi hauishi. Utakachokosa ni ile starehe ya kumalizia kila karatasi na "utafiti zaidi unahitajika". Tena mkubwa wako atataka useme gesi ikiwa rahisi makaa yatakwisha pwani nzima. Wewe umewahoji watu wa Kisauni, Lamu hukufika. Mwambie hivyo, hata akikununia.

Uzamifu usiukatae, ila usiukimbilie. Ningekuwa wewe ningefanya kazi serikali ya kaunti mwaka mmoja kwanza, hata kwa mkataba wa mafunzo. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati, na mpango huo unahitaji takwimu za mtaani kama zako. Wapelekee kurasa mbili, kwa Kiswahili, uanze na lile kopo.

Lakini kabla ya kaunti, rudi kwa akina mama wenyewe uwaambie ulichokipata. Mimi sikurudi kwa wangu. Mmoja wao, tukikutana Marikiti, mpaka leo huniuliza: "Haya mwalimu, yale maswali yako yaliishia wapi?"