Usiishie kuvunja ganda la nje

Umeuliza kama kufomati diski ya zamani ya kompyuta kisha kuipiga nyundo mara moja kunatosha ili mtu asiweze tena kusoma data zako. Hapana, ndugu. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili tu, data yenyewe inabaki palepale. Na nyundo ya juujuu huenda ikavunja saketi ya chini tu, ambayo fundi mzoefu anaweza kuibadilisha.

Kinachotakiwa kuharibiwa ni zile sahani za ndani zinazong'aa kama kioo, maana ndizo zinazohifadhi data. Fungua skrubu (vichwa vyake huwa vya nyota, tafuta bisibisi yake), au toboa kwa drili matundu kadhaa yapenye sahani zote hadi upande wa pili. Nakuomba sana, vaa miwani ya kukinga macho: sahani za diski za laptopu mara nyingi ni za kioo kweli, na zikipasuka hurusha vipande vyenye ncha kali.

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, ni habari nyingine. Haina sahani, kwa hiyo vunja kila chipu ya kumbukumbu. Ukiacha moja nzima, picha ya kitambulisho chako inaweza kuwa humo humo.

Na usiichome moto, moshi wake ni sumu.